Kovu la Baba Neema

Jumamosi. Ukungu umeshuka mpaka barabarani na nimefunga studio mapema. Majirani nimewaambia ni baridi. Uongo, naogopa.

Wiki iliyopita Mama Neema alishuka kutoka Irente na mkanda wa video wa kipaimara cha Neema, nimhamishie kwenye DVD. Humo marehemu mumewe anatoa shukrani, dakika nne tu. Hana picha yake nyingine inayotembea wala kuongea. Aliutunza darini, juu ya jiko la kuni, pamoja na mbegu za mahindi, usiharibiwe na unyevu. Unyevu haukuufikia, ila masizi yaliujaa.

Fundi mwenye akili angeusafisha kwanza. Mimi nikautumbukiza kwenye deki hivyo hivyo. Picha ikaja chenga tupu. Nikairekodi kwenye kompyuta, nikawasha programu ya kuondoa chenga, nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka uso wa mzee ukawa laini kama wa mtoto. Nikajisifu. Nikafuta ile rekodi ya mwanzo nipate nafasi kwenye kompyuta, nikachoma DVD. Wakati wa kurudisha mkanda nyuma, deki ikautafuna.

Umekatika palepale anapoanza kuongea.

Leo Mama Neema amekuja. Nimemwamkia, nikamwekea DVD. Ameangalia mpaka mwisho, akaomba nirudie, akasogea karibu na skrini.

"Kovu lake la juu ya jicho liko wapi?"

Nikamjibu kwamba mikanda ya zamani ndivyo ilivyo. Jamani, mimi! Kovu nimelifuta mwenyewe pamoja na chenga, wala sikujua kama lipo. Ameifunga DVD kwenye khanga yake.

"Haya, baba. Nitamzoea huyu."

Kuhusu mkanda hakuuliza. Nilishukuru moyoni, na shukrani hiyo inanitia aibu mpaka sasa.

Upo hapa mezani. Kuuunga naweza, nimeshaunga mingine, nikaurekodi upya na kovu lake. Lakini huu naogopa hata kuugusa. Deki ikiutafuna tena, Baba Neema atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwangu.

Kesho baada ya ibada nitapanda Irente nao, nimwambie ukweli wote kabla sijaugusa. Aamue yeye.

Na akiniambia ameshamzoea?