Baba Alikuja na Suti ya Mikono Mifupi

Mshauri wangu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mizigo ya watu unayosomeshwa kila wiki. Sijawahi kuandika gazetini na sikudhani kama ningeandika, lakini nimechoka, nimechoka mpaka kuamka ni kazi, na siyo meli iliyonichosha, meli nimeizoea, kinachonichosha ni jambo la dakika moja tu ambalo nimelibeba mwezi wa nne sasa, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho halafu ndiyo unigombeze.

Nafanya kazi kwenye meli ya watalii, zile kubwa zenye ghorofa na mabwawa ya kuogelea, huu ni mwaka wa kumi na moja, na kazi yangu ni mlango wa ukumbi wa chakula. Siku za kawaida ni kukaribisha watu na kuwaonyesha meza, lakini kila safari ina jioni mbili ambazo abiria lazima wavae rasmi, sisi wafanyakazi tunaziita usiku wa suti, wanaume koti la mikono mirefu na tai, wanawake gauni la kueleweka, raba hapana, kaptura hapana, ndala ndiyo usiseme kabisa, na ambaye hakuvaa hivyo haingii, anapanda sitaha ya juu kwenye chakula cha kujipakulia ambako hata uje na taulo hakuna anayekuuliza. Wa kumwambia mtu mzima na mkewe kwamba leo hapana ni mimi. Pembeni yangu kuna kabati la makoti ya kuazima, yananuka dawa ya nondo, na nina maneno yangu ya mlangoni ambayo nayasema mara thelathini, arobaini kwa jioni moja, nayasema kwa tabasamu, na mwenzangu wa chumbani anasema nayasema hata nikiwa nimelala.

Baba yangu ni fundi cherehani. Tena siyo fundi wa kubahatisha, mtaani kwetu mabwana harusi wengi wamevalishwa na yeye, na sare zangu zote za shule alizishona yeye mpaka walimu wakawa wanauliza nimezinunua duka gani. Ana tabia moja tangu nikiwa mdogo, akiumia au akikasirika anabana pini midomoni, basi hapo hata umuulize nini hakujibu, anakata kitambaa chake tu. Mama alishafariki. Kampuni inaturuhusu sisi wa siku nyingi kumleta ndugu mmoja safari moja, msimu wa abiria wachache, na mimi nikamchagua baba, ambaye alikuwa hajawahi kulala nje ya nyumba yake isipokuwa hospitalini.

Wiki moja kabla akanipigia simu, akaniuliza, "Mwanangu, huko kwenu watu wanavaaje?" Mimi nilikuwa kwenye mapumziko ya dakika kumi, nimevua kiatu kimoja naukanda mguu, nikamjibu, "Wewe baba vaa tu nguo yako nzuri." Basi, sikuongeza neno. Mshauri, mimi ambaye nalipwa kwa ajili ya kuwaeleza wageni nini kivaliwe na nini kisivaliwe, baba yangu mzazi nikamwambia vaa nguo yako nzuri, nikakata simu.

Na nguo yake nzuri naijua. Ni suti ya kijivu ya mikono mifupi, koti lina mifuko minne na kola ya wazi, aliishona mwenyewe siku nilipomaliza chuo, na ukiigeuza ndani nje huoni uzi uliokaa vibaya. Akaja nayo, na mchana wa usiku wa suti wa kwanza kadi ilipitishwa chini ya mlango wa chumba chake kama tunavyofanya kwa abiria wote, juu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba wanaume wavae suti, habari za mikono na tai ziko chini kwa herufi za sisimizi, na baba bila miwani akasoma suti, na suti anayo. Vyumbani pasi haziruhusiwi kwa kuogopa moto, kwa hiyo suruali aliilaza chini ya godoro tangu asubuhi akaikalia. Hilo nililijua baadaye kwa yule anayesafisha chumba chake.

Basi saa moja na nusu jioni, foleni ndefu, mkuu wa ukumbi amesimama bega kwa bega na mimi kwa sababu mwezi uliotangulia nilimruhusu bibi mmoja mwenye raba nikaandikiwa onyo, nikainua macho, baba huyo hapo. Amenyoa ndevu, ameshika ncha za koti kwa mikono miwili kama anavyofanya akiwa na furaha, anacheka, anataka kusema kitu. Na mdomo wangu ukafunguka kabla yangu. "Habari za jioni, bwana. Samahani, leo ni usiku rasmi, tunaomba koti la mikono mirefu na tai. Kama huna, tunaweza kukuazima." Nilimwambia hivyo, Mshauri. Nikamnyooshea mkono kabati la makoti ya nondo, baba anayeshona suti tangu kabla sijazaliwa.

Alimtazama mkuu wa ukumbi, akatazama beji yangu, akanitazama mimi. Kicheko kikaondoka usoni polepole. Akasema, "Kumbe. Hamna shida, bwana, nimepotea njia tu, nilikuwa naenda kule juu." Akageuka. Mama mmoja mwenye gauni la kumeta akampisha kama mtu anayempisha mgonjwa. Nikaona mgongo wa lile koti ukipanda ngazi, mshono wa katikati umenyooka, na wa nyuma yake kwenye foleni akanisogelea, nikamwambia habari za jioni, bwana.

Zilibaki siku tano za safari. Zote alikula juu na watu wa kaptura. Tukikutana kwenye korido ananiambia "kazi njema", na mimi nikajitia hamnazo, nikajiambia mzee hana neno, mbona anatabasamu. Siku ya kushuka alinishika mkono akasema, "Asante, nimeiona bahari."

Sasa juzi dada yangu kanipigia analia. Baba ameifumua ile suti. Ameketi na wembe siku nzima akaifumua mshono kwa mshono, vipande ameviviringisha akavitia kwenye mfuko juu ya kabati. Jirani yetu anaoza mwanawe mwezi ujao, kaja kumwomba baba amshonee bwana harusi, baba akamwambia, "Mtafuteni fundi anayejua suti, mimi siku hizi ni wa zipu na viraka." Dada anauliza, huko melini mlimfanya nini? Nikamwambia sijui.

Baada ya wiki tatu naenda likizo nyumbani. Nimemnunulia suti nyeusi ya dukani, nzuri kwelikweli, ipo kwenye mfuko wake wenye zipu, na tai mbili. Kichwani nina mambo mawili, nimpe suti hii nimwombe tusahau, au niache kazi kabisa, maana kila nikisimama pale mlangoni naona mgongo ule. Nisaidie, kuamua kwenyewe kumenishinda.

Ni mimi wa mlangoni.

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu wa mlangoni, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevua viatu kama wewe, maana na mimi siku yangu ilikuwa ndefu. Nimeumia. Nimemwonea huruma baba yako na suruali yake chini ya godoro, na wewe nimekuonea huruma pia, kiasi. Sasa nyamaza nikuambie.

Kwanza lile la mlangoni. Ulikuwa na onyo, bosi amekusimamia ubavuni, unga ulikuwa karibu kumwagika, na maneno umeyarudia miaka kumi na moja mpaka yanajisema. Mtu mwenye akili timamu anaweza kulielewa hilo. Baba yako alilielewa palepale, tena haraka kuliko wewe, ndiyo maana akakuita bwana na kusema amepotea njia. Alikuokoa mbele ya mkuu wako. Dakika ile mimi nakusamehe.

Kinachonichemsha damu ni zile siku tano. Siku tano, mwanangu! Mko kwenye chombo kimoja katikati ya maji, hana pa kwenda, huna pa kukimbilia, unapishana naye kwenye korido, anakuambia kazi njema, na wewe unapita zako. Alikupa nafasi mara ngapi? Ungemfuata kule juu na sahani yako, ukakaa naye kati ya hao wa kaptura, ukamwambia baba nimekosa, leo usingekuwa unaniandikia mimi. Alinyamaza kwa heshima yako. Wewe ulinyamaza kwa woga. Usichanganye vitu hivyo viwili.

Na kabla ya hapo kuna ile simu. Alikuuliza swali la fundi, watu wanavaaje huko. Hakuuliza kwa kutojua nguo, aliuliza ili asikuaibishe. Ungemwambia mikono mirefu na tai, yule mzee angekaa kwenye cherehani siku mbili akaja na suti ambayo mkuu wako wa ukumbi angeuliza imeshonwa wapi. Swali lile ulilijibu huku unakanda mguu. Wageni unawapa maelezo kamili na tabasamu, wa kwako unawapa makombo. Hilo si lako peke yako, tuko wengi, hata mimi nyumbani kwangu wananilalamikia. Lakini leo tunazungumza habari zako.

Sasa hiyo suti nyeusi. Unampelekea fundi suti ya dukani? Ili iweje? Ukimpa hiyo utakuwa umemwambia mara ya pili kwamba ya kwake haikufaa, safari hii kwa hiari yako, bila bosi pembeni. Itoe kwenye mfuko wake, itundike kwenye lile kabati la makoti ya nondo pamoja na tai zako mbili, na siku nyingine akija baba wa mtu na nguo yake nzuri, awe na kitu cha maana cha kuazima. Hapo ndipo mahali pake.

Kazi usiache. Ukiacha, yule mzee atajua ni kwa sababu yake, na utakuwa umemtwisha mzigo mwingine akiwa bado hajatua wa kwanza. Rudi mlangoni. Ila kabla ya kila usiku wa suti, wale wazee wanaosafiri peke yao wapigie simu vyumbani mchana, uwasomee kwa mdomo wako zile herufi za sisimizi. Simu ya dakika moja. Muda wa kukanda mguu utaupata baadaye.

Dada yako mpigie leo. Umemwambia hujui, umemdanganya, naye ndiye anayekaa na baba mchana kutwa akijiuliza kuna nini. Mweleze yote kama ulivyonieleza, na umwambie ule mfuko wa vipande usitupwe.

Halafu nenda nyumbani mikono mitupu. Mwambie baba unataka suti ya kuvaa kwenye harusi ya jirani, ya kijivu, mikono mifupi, mifuko minne, kola ya wazi kama ile yake. Akikujibu kwamba yeye siku hizi ni wa zipu na viraka, usibishane naye. Simama tu katikati ya chumba, tanua mikono, ngoja. Fundi hawezi kumtazama mtu amesimama hivyo bila kuchukua futi. Atakuja. Atakupima mabega, atakupima kifua, atakuzungusha kama alivyokuzungusha ulipokuwa na sare, na najua atabana zile pini midomoni asikujibu. Vizuri. Hapo ndipo useme. Mwambie kuhusu simu, kuhusu onyo, kuhusu zile siku tano, usipunguze na usijitetee, na usingoje jibu, kwa sababu mdomo una pini. Jibu lake utaliona atakapoanza kukata kitambaa. Akimaliza ya kwako, bwana harusi wa jirani atashonewa bila kubembelezwa.

Lakini kuna jambo linatangulia hayo yote, nalo usiliruke. Ukifika kwake nenda mchana, wateja wakiwa wamejaa pale kwenye benchi. Usipite mlango wa nyuma na usimnong'oneze. Simama mlangoni, maana milango ndiyo kazi yako, na kwa sauti ileile waliyoisikia watu wa suti kwenye foleni, mwite baba.