Mama Tabea, Mwalimu wa Kuchambua Maneno

Baridi ya Julai imerudi Njombe, Mama, na mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipotutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tulidhani nyumba itakuwa kimya. Wapi! Kila anayepita kutupa pole huanza na machozi, halafu anakumbuka kisa chako kimoja, na mwisho wake tunacheka wote.

Ulipika viazi huku ukiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili, hata kama hakuna wa kuimba ya kwanza. Baba akisema "nakuja sasa hivi," ulimwuliza, "Sasa hivi ya nani, yako au ya saa?" Kwa maneno matupu hakuna aliyekushinda. Mwanao Anderson alijaribu utoto wake wote, akaona bora awe fundi umeme.

Miaka yako mingi uliitumia Makambako, ukifundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita. Wanafunzi walikuja kwako wakijua majina ya tamathali zote. Ukiwapa hotuba waichambue, walizipanga takriri na tashibiha kama nyanya gulioni. Ukawarudishia kazi zao. "Mmenihesabia kuku bandani," uliwaambia. "Nataka kujua yupi anataga." Ukawafundisha kuuliza msemaji anataka nini kwa watu wale, wapi amewashika, na wapi wamemponyoka. Siku moja uliwapeleka mnadani wakamsikilize mpiga mnada. Walirudi na insha nzuri, na wengine na makoti ya mtumba.

Lakini kisa tunachokipenda kuliko vyote ni cha Yasmini, binti wa Mzee Bashiru mwenye malori.

Mwaka ule mkuu wa shule, Mwalimu Aron, aliwahutubia kidato cha sita paredini, akiwataka wabaki kambini hapo shuleni wakati wa likizo wajiandae kwa mtihani wa taifa. Wakaanza kufungasha kimyakimya waende makwao. Wewe ukawapa hotuba hiyohiyo waichambue. Yasmini akaandika kwamba mkuu aliwaita "wanangu" tangu mwanzo, kisha akafunga kwa kutaja viboko, na hapo akabomoa kila alichokuwa amejenga. Mwenzake akaubandika ukurasa ule wa kwanza kwenye ubao wa matangazo, shule nzima ikausoma.

Ulipoitwa ofisini, Mzee Bashiru alikwishafika, ametoka gereji na mafuta bado mikononi. Mkuu alikuwa ameamua kumsimamisha Yasmini masomo, na mtihani uko mlangoni.

"Mwalimu Tabea, huyu binti amenichamba mbele ya shule nzima!"

"Hajakuchamba, mkuu. Amekuchambua."

"Tofauti iko wapi?"

"Iko ukurasa wa pili. Umeusoma?"

Hakuwa ameusoma. Akakuonya kwamba ukiendelea kumtetea, utahama wewe kabla ya huyo mwanafunzi wako. Wewe ukamgeukia Yasmini. "Soma, mwanangu. Taratibu."

Yasmini akasoma. Alikuwa ameandika kwamba mkuu aliposimulia alivyokwenda shule peku kutoka Kifanya, umande umeganda kwenye majani, hata waliokuwa wakinong'ona nyuma walinyamaza. Pale hakuwaomba wamwamini, na ndipo walipomwamini. Angeishia hapo, wangebaki.

Mkuu akakaa kitini. "Kumbe pale mlinisikiliza?"

"Mimi nililia, mwalimu," Yasmini akajibu.

Mzee Bashiru akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Sasa mimi nitaishije na mtoto huyu? Nikirudi nyumbani nitachambuliwa hata salamu!" Mkuu ndiye aliyeanza kucheka.

Jumatatu iliyofuata alirudia hotuba yake, akaishia kwenye umande wa Kifanya. Kidato cha sita wakabaki kambini. Yasmini akafanya mtihani wake, akafaulu, na leo ni wakili hapa Njombe mjini. Mwalimu Aron naye, mstaafu sasa, ndiye aliyesoma wasifu wako siku ya mazishi. Alipofika kwenye kisa hicho aliweka karatasi pembeni, akakisimulia kwa kichwa, akijiigiza mwenyewe alivyofoka. Tukakusindikiza tukicheka huku machozi yanatutoka, na Mchungaji hakutukemea.

Tunakukosa, Mama. Tunakukosa zaidi jioni, chai ikishaiva na hakuna wa kutuuliza tulikuwa na maana gani tuliposema jambo fulani. Baba amejifunza kupika maharage. Yanaungua kidogo, lakini anatukataza kutoa maoni.

Jumapili hii tutakuwa na ibada ya shukrani usharikani, kisha chakula nyumbani. Familia ya Mzee Bashiru imesema inakuja na mchele, na sisi Wabena, wenyeji wa Njombe, tutatoa viazi. Wanafunzi wako wote, wa zamani na wa karibuni, wanakaribishwa.

Unakumbukwa na mume wako Danieli, wanao Anderson na Ema, dada yako Eveline wa Mdandu, wajukuu, wakwe, walimu wenzako na ukoo mzima, kuanzia Makambako hadi Lugarawa.

Kukusahau hatujui, Mama, wala hatuna mpango wa kujifunza.