Majibu ya Babu

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Huo mgongo umeacha ukorofi? Sisi hatujambo. Mama yuko kwenye cherehani yake, na babu, baba yako, yuko kibarazani anamkosoa kila apitaye.

Nilikwenda kwenye usaili wa maofisa wa jeshi. Ilikuwa nafasi yangu ya mwisho, maana mwakani umri hautaniruhusu. Mbio nilipita, hesabu nilipita. Likabaki jaribio la kupima mtu anapenda nini, maswali mia mbili. Unapenda kushona au kubomoa ukuta? Kufundisha watoto au kulinda ghala?

Unamjua babu na usajini wake. Wiki nzima alinikalisha kitako kunifunda. "Ukikuta kushona, ruka! Wakitaja kelele, sema unazipenda!" Nami, mtoto mtiifu, nikajaza alivyotaka yeye.

Siku ya pili nikaitwa peke yangu. Kapteni msimamizi, mama mmoja mwenye miwani, akanitazama juu mpaka chini. "Binti, kwa karatasi hii wewe ni mzee wa miaka sabini, watu huwataki, na raha yako ni kukemea."

Haki ya Mungu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Nikaungama yote. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanipa karatasi nyingine. "Haya, sasa jibu wewe."

Nikajibu mimi. Kushona napenda, kufundisha napenda, kelele sitaki hata kuzisikia. Nikatoka nikijua nimeyakoroga.

Mjomba, nimechukuliwa! Naripoti chuoni mwezi ujao. Kumbe wanalinganisha majibu yako na ya maofisa wanaoipenda kazi yao, na yangu yamelingana. Mama alipiga vigelegele, akaharibu gauni la mteja.

Babu ndiye niliyemwogopa. Nilipomweleza, akaniambia nimtajie maswali niliyoyakumbuka.

"Kushona au kubomoa ukuta?"

"Kushona," akasema, hata hakufikiri.

"Watoto au ghala?"

"Watoto." Akakohoa. "Miaka ishirini na miwili jeshini, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nililia, Mjomba, sikufichi. Tangu jana anafunzwa na mama kutunga uzi, na tayari anamkosoa.

Nisalimie mkaza mjomba na mapacha. Mungu awalinde huko ugenini. Na wewe mwandikie baba yako, umuulize anapenda nini. Usichelewe.

Mpwa wako akupendaye,
Kiherehere