Jina la Anyona

Ikonge, 3 Agosti 2025

Mwanangu Phanice,

Habari za Kisii? Mtoto ananyonya vizuri? Sisi wazima, ila baridi imechoma majani ya chai. Simu hushiki, kwa hiyo naandika.

Mungu amekupa mvulana, mwaka mmoja baada ya polisi kumuua kwa risasi kaka yako Anyona akiongoza maandamano ya wanafunzi wenzake. Unajua kwetu marehemu hurudi kwa jina. Mwite mtoto Anyona, nipate kumwita tena.

Mama yako

Kisii, 19 Agosti

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mgongo umepoa? Mtoto tumeshamwita Ian, usikasirike. Nilipoomba kazi niliulizwa kama mimi ndiye dada ya yule mchochezi, mambo yakaishia hapo. Mume wangu Osoro anafanya kazi ofisi ya mheshimiwa mbunge, na jina hilo litamponza. Kaka nampenda, lakini mtoto lazima ale.

Binti yako, Phanice

Ikonge, 28 Septemba

Phanice,

Sijambo. Wiki jana mheshimiwa alileta mahema hapa nyumbani, penye kaburi. Yeye aliyemwita Anyona mhuni alipokuwa hai, sasa anamwita shujaa, eti atajenga maktaba yenye jina lake. Vijana walivalishwa fulana zenye uso wa mwanangu. Mumeo ndiye aliyeshika kipaza sauti.

Kumbe jina linafaa kwenye fulana, kwenye nepi halifai. Nina hasira, wala sifichi.

Mama yako

Kisii, 2 Novemba

Mama,

Pole na baridi. Mtoto analia kila siku mpaka sauti inakauka. Hospitali hawaoni ugonjwa. Mama mkwe anasema mtoto anadai jina la kaka. Jana Osoro akiwa kazini nilimwita Anyona, akanyamaza. Nikalia mimi.

Njoo umwite mbele ya Osoro. Mimi naogopa kumwambia, lakini wewe hawezi kukukatalia.

Phanice wako

Ikonge, 16 Novemba

Phanice,

Salamu kwenu. Barua imefika. Angwenyi, yule rafiki wa kaka yako aliyembeba mgongoni akivuja damu, alikuja na mkewe kuniomba jina la Anyona wampe mtoto wao. Chuo kilimfukuza, kazi hana mpaka leo, na hakuniuliza jina litamponza vipi. Nilimpa. Kila Sabato wananipa mtoto kanisani, nami nampakata.

Wako akitaka jina, mwite mwenyewe, mumeo akisikia. Mimi siji.

Nisalimie Ian.

Mama Anyona