Habari ya Chemchemi Niliyoiacha Nusu

Karibu na Dubti,
Afar.
5 Februari 2017

Mpendwa Mjomba Yayo,

Asalaam aleikum. Hujambo mjomba? Mgongo unaendeleaje, na kazi za bandarini hazijakumaliza? Mama Asya hajambo? Watoto wanasoma? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama anatembea, magoti yanamsumbua asubuhi tu. Mbuzi wawili wamezaa. Mvua bado.

Nisamehe kwa kukuandikia. Kwenye simu unanijua, nanyamaza mpaka salio linakwisha, wewe unacheka. Hili si la kucheka. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa madereva wa malori, maana wao wataliongezea miguu na mkia.

Jumatatu ya wiki jana niliwapeleka ngamia wetu wawili kwenye chemchemi ya maji moto, wale wenye upele. Niliwaosha kama ulivyonionyesha, kwa maji ya pembeni yaliyopoa kidogo, halafu nikawapaka lile tope la manjano mgongoni. Nikajaza na dumu moja la maji kwa ajili ya magoti ya mama.

Lakini pale pamebadilika. Tetemeko la ardhi lililotupitia limehamisha maji. Kidimbwi cha chini wanakooga wanawake kimerudi nyuma, na palipokauka pameota ukoko mweupe wa chumvi, mzuri, ungedhani sakafu. Nilitupa jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi. Likapita. Sikusikia kutua kwake, niliona mvuke tu unatoka shimoni. Nikaondoka haraka, ngamia nimewashika kamba fupi.

Njiani nikakutana na Bibi Momina, yule mjane wa kule juu, yuko juu ya ngamia, mwanawe Gadale anaongoza. Kiuno kimemkaza bibi, anakwenda kuoga siku saba. Tukakaa chini kwa dagu, kupeana habari za njiani bila kuficha kitu, kama kawaida. Wakaanza wao, wakatoa habari zao zote za njiani. Ikawa zamu yangu.

"Haya, mtoto wa Dahara," bibi akasema. "Umetoka wapi, umeona nini?"

Nikaanza. Amani ipo. Malisho hakuna. Fisi amepita kwa kina fulani. Nilikuwa naangalia chini, na maneno yalikuwa yanakuja polepole, unanijua. Gadale akacheka.

"Mama, huyu ni kama kukamua mbuzi mgonjwa. Tone. Tunangoja. Tone. Jua litatua hatujaoga!"

"Mwache mwenzio amalize."

"Amalize mwaka gani?"

Masikio yakaniwaka, mjomba. Nikasema maji yapo, ni moto kama zamani, nendeni salama. Nikasimama. Ndiyo habari niliyowapa. Wewe unajua, kwetu mtu aliyekata dagu, akabakiza habari, ana kesi mbele ya wazee.

Nikaenda na ngamia wangu, najiambia watapaona wenyewe. Halafu nikayakumbuka macho ya bibi, ukungu mtupu. Na Gadale asingeweza kumsindikiza mpaka chini, mwanamume haendi upande ule mwanamke akioga. Bibi angeshuka peke yake, kwa njia ambayo miguu yake imeizoea miaka hamsini. Nikafunga ngamia kwenye mgunga, nikageuka, nikakimbia.

Nilikimbia juu ya yale mawe meusi. Kandambili moja ikakatika, nikaiacha. Jua lilikuwa utosini. Nilipofika, shuka lilikuwa limeshatundikwa kwenye vijiti. Maana yake unaijua: mwanamke yuko huko, hupiti. Gadale alikuwa amekaa ameligeuzia mgongo. Aliponiona akasimama, mkono kwenye jambia.

"Wewe! Unafuata nini huku?"

Mdomo ulifunguka, sauti hakuna. Akanisukuma kifuani.

"Mama yangu anaoga, wewe umerudi kuchungulia?"

Ndipo nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga tangu nizaliwe.

"Bibi Momina! Usitembee! Habari sikumaliza!"

Halafu sauti yake ikatoka nyuma ya shuka, imetulia kabisa.

"Malizia."

Nikamalizia kwa kupayuka. Ukoko, jiwe, mvuke. Gadale akauachia mpini wa jambia.

"Nimeshasimama juu yake," bibi akasema. "Ukoko unalia chini ya miguu, kama mkate mkavu."

Nikamwambia alale kifudifudi, ajitandaze, ajivute kurudi kwenye mawe meusi. Gadale akaniangalia, na mimi nikamwangalia, hakuna aliyelivuka shuka. Tulikuwa tunamsikia anajikokota, anamtaja Mungu. Halafu kitu kikapasuka, kama chungu, na bibi akapiga yowe.

Tuliling'oa lile shuka pamoja. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umezama mpaka kwenye kifundo. Gadale akataka kumrukia, nikamkamata mkanda.

"Wewe mzito, mtazama wote!"

Nikalala kwa tumbo mimi, yeye akanishika miguu. Chumvi ile ilikuwa inachoma kama kikaango. Nikamrushia bibi shuka, akalizungusha mkononi, tukamvuta taratibu mpaka mawe. Ngozi ya mguu ilitoka na kiatu. Hakulia tena. Alisema tu nimfunike.

Zahanati wamemfunga dawa. Mimi na Gadale tumerudi kule kupanga mawe kuuzunguka ukoko wote.

Ijumaa wazee wakakaa. Wakauliza nani ananisemea, maana hiyo ni kazi yako na wewe uko mbali. Nikasema nitasema mwenyewe. Mama akaficha uso kwenye mtandio. Nikasimama nikaeleza yote tangu kuosha ngamia, sikuruka kitu, hata masikio kuniwaka nilisema. Nilipokaa, Gadale akasimama bila kuulizwa.

"Habari ameikata yeye, lakini kisu nilimpa mimi. Nilimcheka."

Wazee wakamgeukia bibi. Akafikiri kidogo.

"Basi mguu wangu una wenyewe wawili," akasema. "Waulee."

Ndiyo hukumu yenyewe. Tunapeleka maziwa kila asubuhi, leo mimi, kesho Gadale, mpaka atakapotembea. Na kama hatatembea, hatujaambiwa itakuwaje. Kidonda bado kibichi, nimekiona.

Leo ilikuwa zamu yangu. Niliweka maziwa mlangoni nikataka kuondoka. Akakisukuma chombo kando.

"Kaa. Kutoka kwenu mpaka hapa umeona nini?"

Nikakaa. Nikamwambia nyayo za mbweha, mwanamke aliyepoteza punda, upepo ulikogeukia. Kila nikinyamaza ananiuliza, "Na kingine?" Maziwa yalianza kupoa. Nilipoishiwa kabisa, ndipo akanyoosha mkono akanywa.

Msalimie Mama Asya, na Asya mwenyewe, na Kadafo mdogo. Mama anakusalimu sana, anasema utume dawa ya kuungua kama huko ipo. Mungu akulinde na vyuma vya bandarini, akurudishe kwetu miguu yako yote miwili ikiwa mizima.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukungoja,
Utban