Rangi Zilizomsafisha Siwema

Buzebazeba, Ujiji,
Kigoma.
14 Juni, 1998.

Mpendwa binti yangu Edina,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Ulaya imekuhurumia. Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu, sababu utaiona.

Bahasha yako ilifika salama pamoja na picha mbili. Nilipomruhusu daktari kutwaa kipande cha ubongo wa marehemu mama yako mkubwa Regina ili kiletwe katika maabara yenu, ndugu walinilaumu kwamba nimemzika pungufu. Leo sijuti.

Regina alikuwa msusi wa mikeka, nawe wajua kwamba ukindu mkavu wote hufanana. Rangi ndiyo idhihirishayo nakshi. Sikujua kuwa ubongo nao ni vivyo hivyo. Waandika kwamba mliukata mwembamba kuliko ganda la kitunguu, mkautia zambarau itokayo katika moyo wa mti, kisha waridi, ndipo vikaonekana vitundu kama vya sifongo. Kipande kingine mkakitia dawa inayoshika peke yake protini iliyokunjwa vibaya, ambayo ndiyo iletayo maradhi hayo, nayo ikatokea kahawia. Niliitazama picha hiyo dirishani hata chai ikapoa. Maradhi yaliyomsahaulisha jina langu ndani ya miezi minne tu, kumbe yana umbo na rangi! Mungu ni mkuu, nanyi amewapa macho.

Mstari usemao kwamba ugonjwa wake ulizuka wenyewe, wala hakupewa na mtu, niliusoma mara tatu. Sasa niungame. Tulikuwa tumempa chumba Siwema, aliyevuka ziwa akikimbia vita ya Kongo. Yeye na Regina walichemsha rangi za ukindu pamoja. Regina alipoanza kukosea nakshi, jirani yetu Marcelina aliniuliza, "Mwalimu, chungu cha huyo mgeni kinapika rangi tu?" Nikaliamini neno hilo. Baada ya maziko nikamwambia Siwema aende kambi ya wakimbizi. Miaka minane nilifundishwa na mapadri, na bado nilitenda hivyo.

Jumatatu nilipanda lori la mahindi hadi kambini, nimebeba barua yako na mkeka ambao Regina hakuumaliza. Siwema aliponiona alisema, "Baba, unakuja kunifukuza na huku?" Wanawake waliokuwapo wakacheka, mimi sikuweza. Nikamsomea barua yote, nikamwomba msamaha mbele yao, nikamsihi arudi kwetu. Akauliza neno moja tu: "Mama alisikia maumivu?" Nikamwahidi kukuuliza. Tafadhali unijibu wewe, nimfikishie.

Kisha akaukunjua mkeka, akapapasa mahali nakshi ilipopotoka. Nikamsihi apafumue. Akakataa. "Hapa penye alipotea tupaache, baba." Akaendelea kusuka kuanzia hapo.

Marcelina naye nimemsomea. Kesho yake alileta samaki wakavu, migebuka ya humu ziwani, nimpelekee Siwema.

Mungu aibariki mikono yako na rangi zake. Wakusalimu ndugu zako Yusta na Dismasi, pamoja na Siwema, anayengoja kibali cha kutoka kambini arudi chumbani mwake.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye siku zote,
Leodgar