Uweze Kuongea, Usiweze Kuimba

Tarehe 3 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Hujambo huko? Magoti yanasemaje? Mimi naendelea, ila mwendo wa kinyonga.

Nakuandikia barua kwa sababu daktari amenikataza simu. Mwanga wake unanichoma macho na kichwa kinaanza kugonga. Karatasi haina taabu.

Ni miezi mitatu sasa tangu nianguke kutoka kwenye ngazi nikiwa kazini. Mfupa wa kichwa umeunga, ubongo ndio bado. Naanza kusema jambo, nafika katikati, nasahau nilikuwa naelekea wapi. Jana nilisimama mbele ya swichi ya taa chumbani kwangu, mimi fundi umeme wa miaka sita, nikajiuliza hiki ni kitu gani.

Bosi amesema nafasi yangu ataishikilia hadi mwisho wa Septemba. Siku hiyo nitafunga boksi moja la umeme mbele yake, mwanzo mpaka mwisho. Nikishindwa, anachukua mtu mwingine. Simlaumu. Waya ukiunganishwa vibaya, nyumba ya watu inaungua.

Hospitali wamenianzishia tiba. Utacheka. Ni baiskeli.

Mjukuu wako


Tarehe 12 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba. Magoti yapo, yamenuna kama kawaida yao. Anayeniandikia ni jirani yangu fundi cherehani, maana unajua mimi kalamu naifahamu kwa kuitazama tu. Nimemwambia asipunguze neno.

Sikucheka. Nimeshangaa. Wewe umeumia kichwa, wao wanatibu miguu? Mtu akiumwa jino wanampaka dawa kisigino? Na hiyo baiskeli unakwenda nayo wapi na kichwa kibovu hicho? Nani anakushika? Ukifika huko unakokwenda unafanya nini?

Hao watu wamesoma, sikatai, lakini kusoma hakumzuii mtu kuwa mjinga. Waulize, uniandikie walivyosema.

Na unakula? Usiniambie "nakula vizuri". Niambie jana ulikula nini.

Bibi yako


Tarehe 21 Juni

Bibi,

Shikamoo tena. Jana nilikula wali na mayai. Mayai mawili, kama unahesabu.

Baiskeli haiendi popote. Imesimama kwenye chuma, unakanyaga pale pale ukitazama ukuta. Anayenisimamia ni mama mmoja mfupi, mtaalamu wa mazoezi, mtu asiyecheka ovyo. Amenifunga mkanda kifuani unaohesabu mapigo ya moyo. Nilimuuliza swali lako la jino na kisigino kama lilivyo. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Anasema moyo ukikimbia kidogo, damu inapanda kichwani kwa wingi, na inaelekea ubongo unapata nguvu ya kujijenga. Usingizi unatulia, mawazo yanaacha kutawanyika. Nikamuuliza kwa nini hasa. Akasema hata waliomfundisha bado wanachunguza.

Kipimo chake ni hiki: dakika ishirini, kwa kasi ambayo naweza kuongea lakini siwezi kuimba. Kichwa kikianza kuuma, nashuka. Si baadaye, pale pale.

Juzi nilisoma ukurasa mzima wa gazeti, na mpaka leo nakumbuka ulihusu nini.

Mjukuu wako


Tarehe 2 Julai

Mke mwenzangu,

Marahaba. Habari za mayai nimezipokea. Ongeza mboga.

Nimejaribu hiyo tiba yenu. Baiskeli sina, lakini mablanketi ya nyumba ya wageni ninayoifulia ninayo, na miguu ninayo. Niliingia kwenye beseni kubwa nikakanyaga. Blanketi la kwanza niliimba mpaka mwisho. La pili nikaweza kuongea tu. La tatu fundi cherehani akaniuliza kitu, nikashindwa kumjibu, akaenda zake akidhani nimemnunia. Siku hiyo nililala kama gogo. Asubuhi nilipofungua macho nikakumbuka nilikoweka sindano yangu kubwa, ile niliyoitafuta tangu mwaka jana. Ilikuwa ndani ya mto. Basi naamini.

Lakini dakika ishirini? Blanketi likiwa na uchafu sugu mimi sihesabu dakika. Nakanyaga mpaka maji yageuke rangi. Septemba inakuja mbio. Wewe ni damu yangu, hatushuki kwa sababu panauma kidogo. Kanyaga, mama. Kanyaga mpaka ugonjwa utoke.

Bibi yako


Tarehe 20 Julai

Mke mwenzangu,

U hali gani? Sijapata barua. Labda imechelewa njiani. Dakika ngapi sasa?

Bibi yako


Tarehe 6 Agosti

Mjukuu wangu,

Nimempigia baba yako. Anasema uko hai, umelala, na zaidi ya hapo anazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nilimwomba fundi cherehani anisomee tena barua yako ya Juni. Alipofika pale pa kushuka kichwa kikiuma, aliacha kusoma akanitazama. Nikamuuliza ananitazamia nini. Akaurudia mstari ule ule.

Niambie kweli. Ulimfuata yule mama au ulinifuata mimi?

Bibi yako


Tarehe 14 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Nilikufuata wewe.

Nilikuwa nabaki mazoezini yule mama akiondoka. Dakika hamsini, kwa kasi ya kukosa hata pumzi ya kuongea. Siku tatu nilijiona shujaa. Ya nne nilitapika juu ya baiskeli, na maneno yakanipotea mpaka jioni. Wiki mbili nimelala pazia limefungwa. Sasa nimeanza upya. Dakika tano.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utajilaumu. Hapana, si hivyo tu. Nilikuwa nimekukasirikia.

Mtaalamu anasema wiki zilizobaki zinaweza kutosha, na zinaweza zisitoshe.

Mjukuu wako


Tarehe 22 Agosti

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimekosa.

Fundi cherehani aliuliza kama aongeze maneno mazuri hapo, nimemkataza. Nimekosa, basi. Kichwa chako si blanketi.

Baba yako nilimzaa alfajiri, mchana nilikuwa kwenye beseni. Watu walinisifu sana. Hakuna aliyeniuliza kama naumwa, na mimi mwenyewe sikujiuliza. Nikadhani hivyo ndivyo mtu anavyokuwa. Nikakupa wewe kama urithi.

Kasirika, haki yako. Ukimaliza, niandikie. Kuna kitu nataka kujua: unaitambuaje ile saa ya kushuka? Inaanzia wapi? Jichoni? Shingoni?

Bibi yako


Tarehe 1 Oktoba

Bibi,

Shikamoo. Habari za magoti?

Inaanzia nyuma ya jicho la kushoto, kama mtu anayevuta uzi taratibu. Sikuwa naisikia zamani. Nimejifunza kuisikia kwenye dakika tano, kisha nane, kisha kumi na tano.

Jana ilikuwa siku yangu. Boksi lilikuwa na swichi nane. Nilifunga sita, safi kabisa. Kwenye ya saba uzi ukaanza kuvutwa. Bosi amesimama mgongoni, anatazama saa. Nikaweka bisibisi chini.

"Nimechoka, Bosi. Nikiendelea sasa hivi nitakosea."

"Zimebaki mbili tu."

"Najua. Ndiyo maana nimeacha."

Akatoka nje. Nilikaa sakafuni nikijua kazi imekwenda. Mara akarudi amebeba kiti. Akasema, "Kaa hapa. Wote walioniunguzia nyumba za watu walikuwa wamebakisha mbili tu."

Nilipumzika nusu saa. Nikamaliza. Alipowasha, taa zote zikawaka.

Naanza Jumatatu. Nusu siku kwanza, na baiskeli kila asubuhi kabla ya kazi.

Mjukuu wako


Tarehe 9 Oktoba

Mke mwenzangu,

Marahaba, marahaba. Fundi cherehani ameisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu sikumwomba. Hapa anajifuta macho na kitambaa cha mteja.

Sasa nieleze vizuri. Ulipomwambia bosi umechoka, ulisimama vipi? Ulimtazama usoni au ulitazama chini? Sauti ilitoka yenyewe au uliisukuma? Mimi nina miaka sabini na kitu, na neno hilo sijawahi kumwambia mtu aliyeshika kazi yangu mkononi. Nimejaribu kulisema peke yangu chumbani, limegoma kutoka.

Nifundishe polepole, hatua kwa hatua, kama ulivyofundishwa wewe. Na ujibu upesi. Jumamosi ijayo mwenye nyumba ya wageni analeta mablanketi kumi na mawili.

Bibi yako